Mchaniko wa Njia ya Haja Kubwa: Kwa Nini Kidonda Kidogo Kinagoma Kupona

Mtu akiona damu nyekundu baada ya kujisaidia, jina la kwanza linalomjia ni bawasiri. Jirani naye atasema bawasiri, au mgolo, na muuza dawa za mitishamba atamwambia ana kinyama kinachotakiwa kukatwa. Kabla hujafika huko, jiulize maumivu yako yakoje. Bawasiri ya ndani hutoa damu, wakati mwingine nyingi, lakini kwa kawaida haiumi. Ikiwa choo kinapopita unahisi kama unakatwa na wembe, kisha maumivu ya kubana na kuwaka yanaendelea dakika kadhaa au hata masaa baada ya kumaliza, na damu ni matone machache au mchirizi juu ya choo, uwezekano mkubwa ni kwamba una mchaniko. Ngozi laini ya mlango wa haja kubwa imepasuka.

Kidonda chenyewe ni kidogo, mara nyingi hakifiki sentimita mbili. Lakini kinaweza kukaa miezi bila kufunga, na sababu yake ikieleweka, matibabu yote ya nyumbani yanakuwa na maana. Isipoeleweka, mtu huhangaika na dawa za kupaka na za kunywa huku chanzo kikiendelea kufanya kazi yake kila asubuhi.

Kinachozuia kidonda kufunga

Mlango wa haja kubwa una misuli miwili ya mviringo. Wa nje unautawala mwenyewe, ndio unaoubana ukiwa kwenye basi na choo kiko mbali. Wa ndani haukusikilizi. Hujibana na kulegea wenyewe. Ngozi ikichanika, maumivu huufanya msuli huu wa ndani ukaze na ubaki umekaza. Msuli uliokaza hubana mishipa midogo ya damu inayolisha ngozi iliyo juu yake, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi. Ndiyo maana michaniko mingi hutokea katikati upande wa nyuma, kuelekea uti wa mgongo. Sehemu hiyo hupata damu kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa wanawake, hasa baada ya kujifungua, huweza pia kutokea katikati upande wa mbele.

Juu ya hapo kuna hofu. Aliyeumia jana huahirisha leo. Choo kinachoahirishwa hubaki kwenye utumbo mkubwa, na kazi ya utumbo mkubwa ni kunyonya maji, kwa hiyo kila saa inayopita kinazidi kuwa kikavu na kigumu. Kesho yake kinapotoka kinachana palepale palipoanza kushikana. Mgonjwa anasema "kidonda kimerudi", lakini hakikuwa kimeondoka.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kufanya, na yote kwa pamoja: choo kiwe laini, msuli ulegee, na kidonda kisichokozwe. Ukifanya moja ukaacha mengine utapata nafuu ya siku mbili tatu tu. Ukishika yote, karibu nusu ya michaniko mipya hupona bila dawa ya hospitali, kwa kawaida ndani ya wiki nne hadi sita.

Kuhusu kile kinyama: mchaniko ukikaa zaidi ya wiki sita hadi nane, ngozi ya ukingoni huvimba na kuning'inia kidogo. Hiyo ni alama ya kidonda kilichokaa muda mrefu, siyo ugonjwa wenyewe. Kukiunguza kwa unga mkali wa dawa au kukikata kwa wembe hakulegezi msuli wala hakulainishi choo. Kunaongeza jeraha la pili pembeni ya la kwanza, kunaweza kuleta jipu, na wakati mwingine kovu linalofanya njia iwe nyembamba kwa maisha yote.

Kukalia maji ya uvuguvugu

Hii ndiyo dawa rahisi kuliko zote na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Joto hulegeza msuli wa ndani, damu ikapita, maumivu yakashuka. Unahitaji beseni pana la plastiki linalotosha makalio, litengwe kwa kazi hiyo tu na lisafishwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri kila baada ya kutumika.

Weka kwanza lita 4 za maji ya kawaida, kisha ongeza lita 1 ya maji yaliyochemka na ukoroge. Maji ya bomba au ya kisima yakiwa na joto la kawaida la Tabora au Kigoma, mchanganyiko huo unakaribia nyuzi joto 40, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa. Miezi ya Juni na Julai, maji yakiwa ya baridi asubuhi, punguza ya baridi yawe lita 3. Maji ya baridi yatangulie siku zote. Watu wameungua kwa kuanza na ya moto wakidhani watayapooza baadaye. Pima kwa sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, siyo kwa vidole, kwa sababu vidole vimezoea sufuria. Usisikie kuungua hata kidogo.

Kaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe mara tu baada ya kutoka chooni. Hapo ndipo msuli umebana zaidi. Ukikaa, usijikaze, pumua taratibu na acha tumbo lishuke. Ukimaliza, jikaushe kwa kitambaa laini cha pamba kwa kugusagusa bila kusugua.

Maji yawe maji matupu. Chumvi, magadi, dawa za kuua vijidudu, sabuni yenye manukato, limao, vyote hukausha au kuunguza ngozi iliyochanika, na ngozi iliyounguzwa huukaza msuli upya. Dhana kwamba dawa isipowasha haifanyi kazi imewachelewesha wengi kupona.

Chakula: mahali ambapo kazi kubwa iko

Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mimea isiyoyeyushwa tumboni. Hushika maji na kuyabeba hadi mwisho wa safari, choo kikatoka laini na chenye ujazo. Chukua siku ya kawaida ya mtu wa Kigoma mjini: asubuhi chai na maandazi, mchana ugali wa sembe kwa migebuka, usiku wali kwa dagaa. Mlo huo umemshibisha na kumpa protini nzuri, lakini samaki hana nyuzinyuzi hata gramu moja, na unga uliokobolewa umebakiwa na kidogo. Anaweza kumaliza siku bila kufika hata nusu ya kiasi anachohitaji.

Huna haja ya kuacha migebuka. Badilisha kinachoizunguka. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 13 hadi 15, yaani nusu ya mahitaji ya siku, na Kigoma yenye maharage ya Kasulu, Buhigwe na Kibondo haina sababu ya kuyakosa. Parachichi moja la wastani lina takriban gramu 10. Unga wa dona una gramu 7 hivi katika kila gramu 100, kwa hiyo ugali wa dona peke yake unaweza kukupa gramu 10 kwa mlo mmoja. Kisamvu, matembele, majani ya maboga au mchicha, bakuli dogo kila mlo, huongeza gramu 3 au 4. Papai bivu asubuhi lina nyuzinyuzi kiasi tu lakini lina maji mengi. Kiazi kitamu kimoja kikubwa hutoa gramu 4 hivi, zaidi kidogo ukila na ganda lake lililooshwa vizuri.

Tabora shida hujitokeza kiangazi, mboga mbichi zinapokuwa adimu na ghali. Hapo nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) na mlenda mkavu ni vya thamani kubwa, kwa sababu kukausha majani hakuondoi nyuzinyuzi. Karanga, choroko, kunde na njugu mawe hukaa ghalani mwaka mzima. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, navyo vinafaa, ila vimekauka: ukila bila kunywa maji ya kutosha vitanyonya yale yaliyomo tumboni. Embe likianza kuiva, la kwenye mti wa uani ni msaada wa bure.

Sasa makosa mawili yanayorudia. La kwanza ni kuongeza nyuzinyuzi zote siku moja. Tumbo hujaa gesi, mtu anasema maharage hayampatani, anaacha. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza kila baada ya siku tatu nne, ufike kiasi kamili ndani ya wiki mbili. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, upike kwa maji mapya hadi yaive kabisa, gesi itapungua. La pili ni kuongeza nyuzinyuzi bila maji. Nyuzinyuzi kavu huziba.

Maji: lita 2 hadi 2.5 kwa siku, sawa na glasi 8 hadi 10. Anayechimba, anayefyatua tofali, anayeendesha bodaboda au kushinda shamba la tumbaku juani miezi ya Septemba na Oktoba anahitaji lita 3 au zaidi. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Chai na uji vinahesabika. Pombe hapana, kwani humfanya mtu akojoe zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepimiwa maji na daktari afuate kipimo cha daktari wake.

Mwezi wa Ramadhani huwaumiza wengi, na kwa Ujiji na Tabora mjini hili si jambo dogo. Kiu ya siku nzima, kisha futari ya mihogo, vitumbua na chai, na daku ya haraka haraka. Gawanya glasi zako kati ya futari na daku badala ya kuzinywa zote kwa mkupuo, weka tende, papai na mboga kwenye futari, na daku iwe na maharage au uji wa dona.

Chooni

Choo cha shimo cha kuchuchumaa kina faida yake, maana magoti yakiwa juu ya kiuno njia hunyooka na choo hutoka bila kusukuma sana. Wenye choo cha kukaa waweke kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu na wainame mbele kidogo.

Utumbo huamka baada ya kula. Kunywa chai au uji wa moto asubuhi, na ndani ya nusu saa nenda chooni hata kama haja haijabana sana. Usikae zaidi ya dakika tano. Kama hakuna kinachotoka, inuka, rudi haja ikija. Kukaa na simu dakika ishirini huku ukisukuma huijaza damu mishipa ya pale chini na kuivuta ngozi ya kidonda.

Kabla ya kwenda, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kiasi cha punje ya harage, kuzunguka mlango na ndani kidogo sana kwa kidole kisafi chenye kucha fupi. Yanapunguza msuguano. Baadaye chamba kwa maji. Gunzi na karatasi ya daftari au gazeti vinakwaruza palepale, na vikitumika kila siku vinaweza kufuta kazi yote ya wiki. Asiye na maji karibu abebe chupa.

Haja ikija, itii. Hapa wasafiri huponzwa: mtu ana safari ya treni usiku kucha kati ya Tabora na Kigoma, au siku nzima kwenye basi, anaamua asile wala asinywe ili asihitaji choo. Anashuka akiwa amefunga choo siku mbili. Afadhali kunywa, kula matunda, na kutumia choo cha treni au kushuka basi linaposimama.

Asali ya Tabora huulizwa sana. Kama chakula ni nzuri, kijiko kimoja au viwili kwenye uji. Kuipaka kwenye kidonda kumejaribiwa katika tafiti ndogo, asali ikichanganywa na mafuta ya zeituni na nta, lakini ushahidi huo hautoshi kuifanya ichukue nafasi ya maji ya uvuguvugu na choo laini. Na asali inayochujwa kienyeji huwa na mabaki ya masega na nyuki, siyo kitu cha kuweka kwenye ngozi iliyo wazi.

Dawa za dukani, na zinazoharibu

Chakula kikichelewa kuleta matokeo, dawa ya maji ya laktulozi, mililita 15 mara mbili kwa siku, hulainisha choo bila kuusukuma utumbo kwa nguvu. Huanza kufanya kazi baada ya siku mbili, kwa hiyo usiongeze dozi jioni ya siku ya kwanza. Sena, bisakodili, mafuta ya mbarika na utomvu wa mshubiri ni vitu vingine kabisa. Hivi huupiga utumbo mjeledi, huleta kuhara, na kuhara nako huchubua kidonda. Kuingiza dawa ya mitishamba kwa bomba kupitia njia ya haja kubwa ni hatari zaidi, maana ncha ya bomba inaweza kuchana upya.

Kwa maumivu, paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Tramadol na kodeini huondoa maumivu lakini hufunga choo, kwa hiyo zinamrudisha mgonjwa alikotoka. Jeli ya lidokeini ya asilimia 2 ikipakwa kidogo dakika kumi kabla ya kwenda chooni humsaidia yule ambaye hofu imemzidi. Ukiwa umeipaka, pima maji kwa kifundo cha mkono kwa uangalifu zaidi kabla ya kuyakalia, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi haitambui maji ya moto. Isizidi wiki moja au mbili. Krimu za bawasiri zenye steroidi zisizidi siku saba, hukondesha ngozi. Antibayotiki haihitajiki kwa mchaniko wa kawaida.

Mama mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu anaweza kupata choo kigumu kwa sababu ya madini ya chuma. Asiviache, aongeze maji na mboga, na amwambie nesi wa kliniki.

Kosa kubwa kuliko yote huja mwishoni. Maumivu hupungua mapema, pengine ndani ya wiki mbili, na mtu hurudia maandazi na sembe. Ngozi iliyofunga juu bado ni nyororo. Endelea na chakula kile kile kwa miezi kadhaa baada ya kupona, na maji ya uvuguvugu usiache hadi wiki nne zitimie bila damu wala maumivu.

Watoto

Kwa mtoto mdogo mwenye damu nyekundu kidogo juu ya choo kigumu, mchaniko ndio sababu ya kawaida. Mara nyingi huanza anapohamia uji mzito na maziwa ya ng'ombe. Utamwona anakunja miguu, anakaza makalio, anajificha nyuma ya mlango. Wazazi hudhani anajisaidia, kumbe anazuia. Mpe maji zaidi, papai, maharage yaliyopondwa, mkalishe kwenye poti dakika tano baada ya kula, na usimgombeze akijichafua. Chini ya mwaka mmoja usimpe asali hata kidogo, inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya botulismi, inayopooza misuli. Mtoto mwenye michaniko bila choo kigumu, au mwenye michubuko sehemu nyingine au hofu isiyoelezeka, apelekwe hospitali aangaliwe kwa utulivu, kwani huenda kuna mtu anamdhuru.

Wakati wa kwenda hospitali

Usisubiri wiki sita kama una homa na uvimbe unaodunda karibu na mlango, usaha, damu nyingi au nyeusi, damu iliyochanganyika ndani ya choo, kupungua uzito, au ukiwa na miaka zaidi ya 40 na mwenendo wako wa choo umebadilika. Vivyo hivyo kidonda kikiwa pembeni badala ya katikati, vikiwa viwili vitatu, au kisipouma. Kifua kikuu, kaswende, VVU, ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) na saratani vinaweza kuanza kwa sura hiyo. Kama kuna kitu kiliingizwa, ikiwemo kujamiiana kwa njia hiyo, mweleze daktari. Anahitaji kujua ili apime vinavyostahili, na wewe uache hadi upone.

Mchaniko uliokaa zaidi ya wiki sita hadi nane licha ya kufuata yote haya una dawa zake. Mafuta ya nitrogliserini ya asilimia 0.2 hadi 0.4, au diltiazemu ya asilimia 2, hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita hadi nane ili kulegeza msuli. Nitrogliserini huumiza kichwa wengi, na haichanganywi kamwe na dawa za nguvu za kiume za aina ya sildenafil. Shinikizo la damu hushuka ghafla. Zikishindikana, daktari wa upasuaji hukata sehemu ndogo ya msuli wa ndani. Zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hupona, ila wachache hubaki na shida ya kuzuia hewa ya tumboni isitoke, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Kwa huduma ya ngazi hiyo mtu wa Tabora huelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, na wa Kigoma Maweni.

Wengi hawaendi kwa sababu wanaogopa kuingizwa kidole. Mchaniko huonekana kwa kutenganisha makalio taratibu ukiwa umelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa. Kama maumivu ni makali, mwambie daktari mapema. Kipimo cha kidole au kifaa kinaweza kusubiri maumivu yapungue, au kufanyika ukiwa umepewa ganzi.